Pesa ya Mgeni: Kikundi chetu cha hisa na Mwaka Kogwa wa 2020

Vikundi vingi vya hisa huvunja sanduku, yaani hugawana akiba na faida, Disemba au kabla ya Ramadhani. Chetu huvunja Julai, siku chache kabla ya Mwaka Kogwa. Waliokianzisha walikuwa wanawake wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, na walijua vizuri ni lini nyumba ya Makunduchi inabanwa. Mwaka unataka doti mpya, unataka mchele wa maana na kitoweo cha kutosha, unataka nauli ya watoto waliotawanyika Mjini na Dar es Salaam, na zaidi ya yote unataka mgeni. Kwetu nyumba isiyolisha mgeni siku ile inahesabiwa kuwa imeuanza mwaka vibaya.

Kwa asiyetujua: Mwaka Kogwa ni mwaka mpya wa Nairuzi, ule ambao wazee wanasema ulifika na Washirazi. Hufuata jua, si mwezi, ndiyo maana hauhami kama Iddi; unaangukia Julai, kusi likivuma na kibaridi kikiwepo. Kwa desturi ni siku nne. Siku ya kwanza wanaume wa Kaskazini na wa Kusini (namaanisha pande mbili za Makunduchi yenyewe) wanapigana kwa mabua ya migomba pale uwanja wa Kae Kuu, kibanda cha makuti kinachomwa moto na mzee akiwa ndani halafu anachoropoka, na sisi wanawake tunapita kwa makundi tukiimba maneno ambayo siku nyingine yangetugombanisha na waume zetu. Mwenye kinyongo na mwenzake anakimaliza pale. Ndivyo tulivyoambiwa na ndivyo tunavyowaambia watoto.

Mimi nilikuwa mweka hazina wa kikundi, na mchana nilikuwa natafuta riziki kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja ya pwani ya mashariki. Sanduku letu ni la chuma, lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa wanawake watatu wasiokaa nyumba moja. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000, na kila kikao mtu hununua kuanzia moja hadi tano, anapigiwa muhuri kwenye kitabu chake. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako. Unarudishwa ndani ya miezi mitatu pamoja na nyongeza kidogo, na nyongeza hiyo ndiyo inayozaa faida ya kugawana. Wapo wenzetu wanaoiona nyongeza hiyo ni riba, hawakopi na faida yake hawaichukui, wanarudishiwa hisa zao kavu. Hatujawahi kulimaliza suala hilo, na sitalimaliza hapa. Kuna pia mfuko wa jamii, kisahani pembeni, wa maiti na wagonjwa.

Mwanzoni mwa 2020 sanduku lilikuwa karibu tupu, na tulilichukulia kuwa dalili ya afya. Kikundi kizuri pesa yake hailali. Shilingi zilikuwa nje zinafanya kazi: mmoja kanunua friji ya juisi, mmoja kapaka rangi vyumba viwili vya kulaza wageni, mmoja kamnunulia mwanawe pikipiki, mwengine anapika chakula cha wafanyakazi wa hoteli, mwengine anachora hina ufukweni Jambiani. Biashara tofauti, mikono tofauti. Bi mwenyekiti alikuwa akijisifia hilo kila kikao, kwamba mayai yetu hayako tenga moja.

Yalikuwa tenga moja. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki tano, na utalii ulikuwa zaidi ya robo ya pato la nchi. Takwimu hizo zilikuwa zikisomwa redioni, lakini hakuna aliyetufundisha kuzisoma kwenye kitabu cha mikopo. Juisi ya friji ile walikuwa wanakunywa madereva wa hoteli. Pikipiki ilikuwa ikiwabeba wahudumu alfajiri. Pweza waliokuwa wakipigwa na wanawake wakati wa bamvua walikuwa wakienda jikoni kwa Wazungu. Hata fundi cherehani wetu, ambaye hajawahi kuzungumza na mtalii maishani, alikuwa akishona sare.

Mwanzoni mwa Machi zikasimamishwa ndege zilizokuwa zikileta watalii kutoka Italia, na kwa pwani yetu Mwitaliano si mtalii mmoja kati ya wengi, ni msimu. Tarehe 16 Machi Tanzania ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, kule Arusha. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikazuiwa. Hotelini kwetu tuliitwa uwanjani tukaambiwa twende likizo bila malipo mpaka tutakapoitwa. Shuka za wageni wa mwisho nilizifua, nikazipiga pasi, nikazipanga kabatini kama kawaida, maana hakuna aliyesema tusizipange.

Kitu nilichojifunza mapema kuhusu msukosuko wa pesa ni kwamba hauanzi kwa njaa. Unaanza kwa watu kutokuja kikaoni. Njaa ilichelewa, kwa sababu maweni yetu yana muhogo, na mtu akiwa na muhogo na nazi na jamaa anayevua, anaweza kujizungusha kwa muda. Lakini hisa hainunuliwi kwa muhogo. Wiki ya kwanza alikosekana mmoja, akatuma mtoto kusema anaumwa. Wiki iliyofuata walikosekana watano, wote wana mikopo. Faini ya kutokuja ni shilingi mia tano. Wakawa wanaongeza deni juu ya deni ili wasitazamwe usoni. Mmoja wao ni wifi yangu. Nyumba zetu zinatazamana, na kwa kipindi kizima alikuwa akitoka kuteka maji kwa mlango wa nyuma.

Ramadhani iliingia mwisho wa Aprili, na katika mwezi ule kikao kilikuwa kizito. Walioweka bila kukopa walitaka sanduku livunjwe hapohapo. Sikuwalaumu. Shangazi mmoja mtu mzima, mkulima wa mwani, alikuwa na hisa nyingi kuliko sisi sote na hajawahi kukopa hata senti. Akasema, “Wanangu, mimi pesa yangu nimeitoa kwenye chumvi. Nyinyi mmeipeleka kwa Wazungu, na Wazungu wameondoka nayo.” Hakuna aliyejibu. Mwani umelimwa pwani hii kwa biashara tangu 1989, ulipoanza Paje na Jambiani, na wanawake wa rika lake ndio walioutumia kujenga nyumba za mawe. Halafu bei ikaanguka, kottonii, mwani wa bei nzuri, ikawa inakufa bahari ikipata joto, ikabaki spinosamu, mwani wa bei ya kuchekesha, na sisi wadogo tukaona ni kazi ya kuharibu kiuno. Mwaka ule mnunuzi wa mwani alikuja na mzani wake kama kawaida. Bei ilikuwa ileile ya kuchekesha, ila ilikuwa pesa taslimu, na haikuuliza kama ndege imetua.

Kabla hata mwezi mtukufu haujaisha nikaona wanawake waliowahi kunicheka kwa kuuliza bei ya kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, wakiazima vigingi.

Hatukuvunja. Tuliamua kuuza hisa kusimame, nyongeza za mikopo zisimame, na mfuko wa jamii, ambao ulikuwa wa maiti, utumike kukopesha unga na mchele kwa walio hai. Hilo la mwisho lilizua maneno mengi kuliko yote. Wengine waliona tunacheza na sanda. Mei 18 anga ilifunguliwa tena, tukadhani shuka zangu zitatoka kabatini, lakini kufunguliwa anga ni jambo moja na watu kupanda ndege ni jambo jengine. Mpaka Disemba idadi ya wageni wa mwaka mzima ilikuwa kama nusu ya mwaka uliotangulia.

Wakati huo ndipo nilipojua kuwa baadhi ya wenzetu walikuwa wamekopa pia kwengine, kwa simu, ile mikopo ambayo watu wanaiita kausha damu. Mkopaji akichelewa, ujumbe wa kumdhalilisha unatumwa kwa namba zilizomo kwenye simu yake. Mimi mwenyewe niliupokea mmoja, kuhusu mwanamke niliyekaa naye dawati moja skuli. Niliufuta. Sikumwambia kuwa nimeupata, na najua yeye anajua.

Julai ikaingia na suala la Mwaka. Wapo waliosema mwaka huu upite kimya, hakuna pesa, na Iddi Kubwa nayo inaangukia mwisho wa mwezi huohuo, kwa hiyo ni gharama mbili ndani ya mwezi mmoja. Mzee mmoja wa mila aliulizwa swali hilo na vijana mbele yangu, na majibu yake yalikuwa mafupi: Mwaka si sherehe ya mtu, hauahirishwi, usipouoga unakuja vilevile, isipokuwa unakukuta mchafu. Nilimuona ana haki ya kusema hivyo, yeye anatunza mila. Mimi nilikuwa natunza sanduku.

Tena kulikuwa na jambo la ajabu zaidi. Kwa kawaida Mwaka ndio unaowarudisha watu. Daladala za 310 zinajaa, wenye magari wanakuja na familia, mwana wa Makunduchi aliye Mjini asiyeonekana siku hiyo anaulizwa. Mwaka ule nikaanza kusikia wenzetu wanapanga safari ya kwenda kinyume. Fulani atakwenda kumuangalia mgonjwa Fuoni. Fulani ana harusi Bububu. Wote walikuwa wadaiwa wetu. Mtu wa Makunduchi kuukimbia Mwaka ni tangazo kubwa kuliko ujumbe wowote wa simu, na walikuwa tayari kulitoa.

Kikao cha kugawana kilianza asubuhi na kikala adhuhuri. Hesabu nilikuwa nayo. Kwa utaratibu, mdaiwa anakatwa: una hisa mia moja, ni shilingi 200,000, unadaiwa 350,000, tunachukua hisa zako zote na 150,000 zinabaki deni. Kilichokusanyika sandukuni wanagawana wasiodaiwa kwa wingi wa hisa zao, nao wanavumilia pengo hadi deni lilipwe. Ni hesabu safi. Niliiandika kwa wino wa buluu na mwekundu, na ninaweza kuitetea mbele ya yeyote.

Bi mwenyekiti aliisikiliza mpaka mwisho. Akasema hana tatizo nayo, ila kabla haijaanza kutumika, kila mwanachama, anayedai na anayedaiwa, apewe shilingi 20,000 sawasawa. Akaiita pesa ya mgeni. Mtu akatwe mengine yote, lakini asikatwe uwezo wa kupika chungu kimoja siku ya Mwaka, maana asiyepika hatafungua mlango, asiyefungua mlango hatatoka, na asiyetoka hatumpati tena, si yeye wala deni letu.

Nilipinga. Nilisema unampa mdaiwa pesa ya yule shangazi wa mwani aliyekaa majini tangu alfajiri. Nilisema hii si hisani yetu, ni hisani ya mfuko wa mwengine. Nilitaraji shangazi ataniunga mkono, akacheka, akauliza, “Sasa mimi nipike, halafu nile na nani?” Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono na nikabaki na wachache.

Mpaka leo sijakubali kwamba lilikuwa jambo la haki. Aliyeweka akiba kwa jasho alilipia aliyekopa, na kulisema hilo si ukosefu wa utu. Nakubali jambo moja tu, kwamba lilifanya kazi.

Wifi yangu hakwenda Fuoni. Siku ya Mwaka nilimuona Kae Kuu na doti kuukuu iliyofuliwa vizuri (nguo iliyofuliwa vizuri naijua) akiwa katikati ya kundi la waimbaji. Watazamaji wa kigeni walikuwa wa kuhesabika, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi hukulazimika kumsukuma mwenye kamera ili uone kibanda. Wanaume walipigana kwa hamu. Miongoni mwao nilimuona muuza duka wa mtaani na fundi bomba aliyemla deni la unga tangu Aprili, wakitafutana makusudi na mabua yao, wakapigana mpaka mabua yakabaki nyuzi, na watu wakiwashangilia kwa sababu kila mtu alijua wanapigania nini. Deni halikufutika kwa mgomba. Ila tangu siku ile fundi alikuwa anapita mbele ya duka badala ya kuzunguka msikiti, na muuza duka akamtengenezesha bomba mbili akakata humo.

Sisi wanawake tuliwapata wanaume wa mahotelini, waliozoea kututambia kwa mishahara na bakshishi za dola. Mmoja wetu alitunga papo hapo, na uwanja mzima ukadaka:

Mume wangu wa hoteli, sasa ana kazi gani?
Asubuhi yu kitini, jioni yu kitandani.

Aliyeanzisha alikuwa wifi yangu. Mume wake, kaka yangu mwenyewe, alikuwa mhudumu wa baa hoteli ya Paje, na alikuwa amesimama pale pale. Alicheka kuliko wote. Nyumbani walikuwa hawasemezani tangu Juni.

Na mgeni wangu? Miaka yote niliyofanya kazi hotelini, mgeni wa Mwaka nyumbani kwangu alikuwa Mzungu, mtu niliyemkaribisha kutoka kazini, anakula kidogo, anapiga picha nyingi, anaacha noti chini ya sahani. Tulishazoea kumhesabu kwenye mapato. Mwaka ule mtoto wangu alimleta kijana wa bara, fundi wa mawe aliyekwama kwenye hoteli iliyokuwa ikijengwa kusini yetu, mwenye kazi kasitisha ujenzi na hajamlipa. Vijana kama yeye walikuwa wengi pwani nzima, wamepanga vyumba kwa makundi, hawana konde la muhogo wala jamaa wa kuwapa samaki. Nitasema kweli, kwa miaka mingi tumewaita wageni kwa maana ile mbaya ya neno. Alikula sahani tatu za wali kwa pweza, akaomba radhi, akala ya nne. Hakuacha kitu chini ya sahani. Wiki iliyofuata alikuja na mwiko wake akaziba ufa wa ukuta wa jikoni, na nilipotaka kumpa chochote alikataa kwa hasira kidogo.

Mzunguko uliofuata ulianza Agosti na wanachama wote isipokuwa wawili, na hao wawili walihamia Mjini kwa sababu nyengine. Madeni ya 2020 yalilipwa polepole, mengine kwa mwani, mengine kwa kuku, mengi yalipomalizika Warusi walikuwa wameshaanza kujaza hoteli. Deni moja halikulipwa na halitalipwa. Shangazi alirudishiwa fedha zake, ingawa ilichukua muda kuliko alivyostahili.

Kilichobadilika kwenye katiba yetu ni mistari miwili tu. Pesa ya mgeni imeandikwa rasmi: kila tunapovunja sanduku inatolewa kwanza, sawa kwa wote. Wa pili niliushikilia mimi. Anayeomba mkopo haulizwi tena anafanya biashara gani, anaulizwa nani anayenunua kwake, na mnunuzi huyo analipwa na nani. Ukifuata swali hilo hatua mbili tatu utafika ama hotelini ama kwengine, na mikopo inayofika hotelini haiwezi kuzidi nusu ya sanduku. Imetokea mwanamke amekataliwa mkopo wa mashine ya kufulia huku mwenziwe akipewa wa mizinga ya nyuki, na maneno yakawa mengi.

Sasa mambo yamechangamka. Wageni wamerudi kwa wingi kuliko zamani, viwanja vya Paje haviguswi, na wanachama wapya ni wasichana waliokuwa skuli wakati ule. Wao sharti la nusu wanaliona uchawi wa wazee: kwa nini tuzikalie pesa na mahitaji yapo pale barabarani? Wanataka liondolewe, na wanataka akiba ihamie kwenye simu, sanduku libaki pambo. La simu sina ugomvi nalo sana. La nusu limewekwa kwenye ajenda ya kikao kijacho, bi mwenyekiti ameshaanza kulegea, na nimezihesabu kura. Nitashindwa tena.